Gololi Moja kwa Kila Mtu

Turffontein, Johannesburg
29 Agosti 2021

Shangazi Zubeda mpendwa,

Shikamoo. Sisi wote hatujambo. Mama bado analalamikia baridi ya asubuhi, ingawa wengine wanasema imeisha. Nasra sasa akiitwa kwa Kiswahili anajibu kwa Kizulu, na Baba anasema akifika Tanga bibi atadhani ameletewa mgeni. Baba amepata kazi ya kupaka rangi shule moja, kwa hiyo mchana ninabaki nyumbani kumwandikia makadirio ya kazi nyingine. Tangu nimalize shule hiyo ndiyo kazi yangu.

Najua ulipiga simu mara mbili na nilijibu ndiyo na hapana tu. Kwenye simu sijui kujieleza. Umesema nikuandikie, kwamba huko Gambia kila Ijumaa unashuka mjini Basse kwenye mtandao. Basi naandika.

Jambo lenyewe ni hili. Unajua kwamba Baba ni mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana tangu mimi sijaanza shule. Unakumbuka pia jinsi anavyochaguliwa. Mzee Adamu anasimama na kuuliza, "Tuendelee na huyu huyu?" Watu wanaitikia, "Tuendelee!" na pilau inaletwa. Mwaka huu, kabla watu hawajaitikia, Mama Yasmin, yule fundi cherehani wa Doornfontein, alisimama akasema, "Mimi pia nataka." Tukasikia hata sufuria za jikoni.

Mumewe alifariki mwaka jana, mipaka ilipokuwa imefungwa. Baba aliamua azikwe hapa hapa. Labda hakukuwa na njia nyingine. Lakini alizikwa kabla Mama Yasmin hajasema ndiyo.

Watu wametaka kura ya siri, Novemba. Nani asimamie? Kila aliyetajwa alikataliwa na upande mmoja. Mwishowe Mzee Adamu akaninyooshea mkono: "Huyu mtoto hata ukimkanyaga hasemi. Siri yetu itakaa." Wote wakacheka, Mama Yasmin naye akasema sawa. Baba akasema, "Mwanangu hawezi kunipendelea, hata chumvi hanipi mpaka niombe." Wakacheka tena.

Shangazi, wewe kazi yako ni uchaguzi. Nifanye nini? Na kama Baba akishindwa?

Mwanao,
Shufaa


Basse, Gambia
17 Septemba 2021

Mwanangu Shufaa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, nikamsomea na mwenzangu Kumba kwa tafsiri yangu mbovu. Anauliza kama unaweza kuazimwa. Mwambie mama yako avae soksi. Mwambie Nasra shangazi yake anajua Kizulu cha matusi, ajihadhari.

Mimi ni mzima. Joto la huku linampiga mtu kama deni. Tunazunguka vijijini na vijana wa asasi za hapa, tunawafunza waangalizi wao wenyewe kwa ajili ya Desemba. Mimi sisimamii chochote. Nafundisha, nakaa nyuma, nanyamaza. Nchi ni ya wenyewe.

Sasa nikwambie wanavyopiga kura, maana inaweza kukufaa. Hawatumii karatasi. Kila mgombea ana pipa la chuma lenye rangi na picha yake, na juu yake kuna bomba jembamba. Mpiga kura anapewa gololi moja, anaingia faragha, anaitumbukiza kwenye pipa analotaka. Ndani gololi inagonga kengele mara moja, ngli, halafu inalala kwenye mchanga isilie tena. Wakisikia kengele mara mbili wanajua mtu amejaribu kuiba. Siku hiyo hata baiskeli haziruhusiwi karibu, kwa sababu ya kengele zake.

Kila kijiji wananiuliza kitu kile kile: "Pipa litamwambia mkuu wa kijiji nimempa nani?" Hawasemi kwa mchezo. Waliishi zaidi ya miaka ishirini chini ya mtu mmoja na walijifunza kuogopa kuta. Siwajibu kwa maneno. Kumba anasimama nyuma ya pazia, anatumbukiza gololi kwenye pipa hili au lile, na wao wanakisia ni lipi. Hakuna anayepatia. Ndipo mabega yanashuka, mwanangu. Ningependa uone yale mabega.

Kwa hiyo tafuta makopo mawili yanayofanana, na kengele mbili zinazofanana. Jaribu huku umefumba macho. Usipoweza kutofautisha, umemaliza kazi.

Umeniuliza kama kaka yangu akishindwa. Swali hilo silijibu. Nimezaliwa naye tumbo moja na sitaki barua yangu imtakie mema wala mabaya.

Wewe je, umeshatimiza miaka kumi na minane, una kura yako. Utampa nani?

Shangazi yako,
Zubeda


Turffontein
10 Oktoba 2021

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mama amevaa soksi. Nasra anataka kujua matusi hayo ni yapi.

Nimepata makopo mawili makubwa ya bati kutoka kwenye kazi ya Baba, yale ya rangi ya lita ishirini, nimeyaosha kwa petroli na kuyasugua mpaka yakang'aa. Kengele ni za baiskeli, nimenunua mbili za aina moja na kuzifunga ndani, chini ya bomba nililolitia kwenye mfuniko. Mchanga nimechota kwa jirani anayejenga. Yasmin, binti wa mgombea mwenyewe, alinisaidia kujaribu. Alifumba macho, nikatumbukiza. Alikosea kila mara. Kisha akanijaribu mimi, nami nikakosea, na unajua masikio yangu. Tulifurahi hadi Mama akatuuliza kama tumerudi darasa la pili.

Baba alikuwa amekaa sebuleni anatutazama. Akasema, "Makopo matupu namna hiyo yatatutia aibu. Niachieni, nitayapaka." Lake atalipaka kijani na la Mama Yasmin manjano, na picha atabandika mwenyewe. Nilifurahi, Shangazi. Tangu Agosti alikuwa hajalitaja jambo hili mbele yangu. Jana aliniuliza tu, akiwa anafunga viatu, "Na wewe mama, gololi yako itakwenda wapi?" Nikasema chai inapoa.

Na wewe nakujibu hivyo hivyo. Chai inapoa.

Mwanao,
Shufaa


Turffontein
8 Novemba 2021

Shangazi,

Shikamoo. Ijumaa nne zimepita bila barua yako. Mama anasema ni mtandao. Baba anasema Zubeda tangu utoto akishika kazi anasahau hata kula. Tafadhali andika hata mstari mmoja.

Uchaguzi ulikuwa jana.

Tulikuwa kwenye ukumbi ule wa kukodi Rosettenville. Watu walijaa, hata wale wasiokuja misibani. Tulitundika pazia kwenye kona, nyuma yake meza na makopo mawili mazuri kama mapya. Mimi nilikaa nje ya pazia na bakuli la gololi. Kila mtu natafuta jina lake kwenye orodha, nampa gololi moja, anaingia, nasikiliza kengele.

Wa kwanza alikuwa Mzee Adamu. Ngli. Akatoka anatabasamu. Wa pili, ngli. Wa tatu, ngli. Wa nne, mwanamke mmoja anayefanya kazi na Mama Yasmin, aliingia, na nikasikia tk.

Tk, Shangazi. Kama mtu anayegonga mlango kwa kidole kilichofungwa bandeji.

Nilidhani amekosa bomba. Lakini aliyefuata, ngli. Halafu tk tena. Nikaangalia watu. Walikuwa wameacha kuzungumza. Wameinamisha vichwa, wote, wanasikiliza. Mtu mmoja alicheka, "Eish, hilo lilikuwa la manjano." Mwanamke aliyekuwa amesimama mbele yangu na gololi mkononi akaniangalia. Akaingia, akakaa ndani muda mrefu sana. Ngli. Alipotoka hakumtazama Mama Yasmin.

Nilijaribu makopo kabla ya kupakwa rangi. Baada ya hapo sikuyajaribu tena. Nilimaliza kazi, nikaona fahari, nikaiacha.

Shangazi, hujanisikia nikisema mbele ya watu kwa sababu sijawahi. Nilisimama, bakuli likaanguka, gololi zikatawanyika chini ya viti vyote. Nikasema, "Simameni." Hawakunisikia. Nikasema tena, "Makopo hayalii sawasawa. Tunaanza upya." Baba akasema, "Kaa mama, kosa dogo hilo." Nikasema, "Si dogo, Baba. Wanasikia." Mzee Adamu akaguna, "Kumbe anasema!" na hakuna aliyecheka.

Tulifungua mifuniko. Kengele ya kopo la manjano ilikuwa imenyweshwa rangi, imekauka nayo. Tukang'oa kengele zote mbili, tukalaza sahani mbili za bati za jikoni, moja kwenye kila kopo. Mzee Adamu akageuzwa uso ukutani akisie. Alikosea, akasema apewe nafasi nyingine, akakosea tena. "Basi," akasema, "siri imekaa." Tukatoa gololi zilizokuwemo, tukaanza upya.

Kuhesabu tulitumia trei za mayai za spaza, kile kiduka cha mtaani, gololi moja kila shimo, watu wote wakiona. Trei ya Mama Yasmin ilijaa, ya pili ikaanza. Ya Baba haikujaa.

Baba alisimama. Alisema, "Alhamdulillahi. Mmechagua, nimekubali." Alimpelekea Mama Yasmin sahani ya pilau kwa mkono wake. Watu walipiga makofi mpaka Mama akalia. Kwenye robot, taa za barabarani za kona ya kwetu, gari lilisimama, taa ikawa kijani, Baba hakuondoka. Walipiga honi nyuma yetu.

Nimefanya vizuri? Niambie.

Shufaa


Banjul
19 Novemba 2021

Mwanangu,

nisamehe. niko pwani kwa siku chache. barua hii fupi kwa sababu mkono una uvivu. usimwambie baba yako.

umefanya vizuri. nakwambia kama mtu wa kazi hii, si kama shangazi. kusimamisha ni kugumu kuliko kuhesabu. nimewasomea wanafunzi wangu barua yako nikabadilisha majina. nilipofika kwenye trei za mayai walipiga kelele kwa furaha, maana hapa pia huhesabu gololi kwa trei za mashimo.

moja tu nakuuliza. kengele ya kopo la kijani ilikuwaje?

na baba yako amekabidhi muhuri wa chama?

Zubeda


Turffontein
28 Novemba 2021

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kila sentensi umeianza kwa herufi ndogo, wewe uliyenipiga kiganja kwa kosa hilo hilo. Umeandika kwa mkono mmoja. Mkono wako umefanya nini? Baba sijamwambia, lakini mimi nina haki ya kujua.

Ndege za kutoka huku zimezuiwa kwa ajili ya kirusi kipya, utakuwa umesikia. Mama alikuwa ameshanunua mchele wa kukupikia mwisho wa mwaka. Anasema mchele hauozi.

Muhuri hajakabidhi. Wiki ya kwanza alisema anatafuta ufunguo wa kabati. Wiki ya pili alisema Mama Yasmin anaweza kuja kuuchukua mwenyewe, halafu Mama Yasmin alipokuja Baba alikuwa ametoka. Alikaa na Mama, wakanywa chai, akaondoka bila kuutaja. Ijumaa hii Baba alirudi msikitini na wanaume watatu. Niliwapelekea maji nikamsikia akisema, "Uchaguzi ule ulivurugika. Ulisimamishwa katikati, gololi zikamwagika, nani ajuaye zilizookotwa ni ngapi? Muulizeni hata binti yangu." Akanigeukia. "Si kweli mama? Si ulisema mwenyewe makopo ni mabovu?"

Nilisema maji yamepata moto nikaingia ndani. Lakini maji niliyowapelekea yalikuwa ya baridi, Shangazi, ya jokofu.

Anataka mkutano mwingine Januari, wa kunyoosha mikono. Mbele ya mtu aliyemzikia mama, nani atanyoosha mkono kwa mwingine?

Mtoto wa mtu mmoja wa Rosettenville alifariki Jumatano. Baba alikwenda kupanga mazishi, Mama Yasmin naye akaenda. Yakafika magari mawili ya maiti. Baba wa mtoto alikaa ukingoni mwa barabara, hakujua amfuate nani.

Umeuliza kuhusu kengele ya kijani. Sitakujibu. Ningeomba umpigie simu Baba. Wewe atakusikia.

Shufaa


Basse
7 Desemba 2021

Mwanangu Shufaa,

Herufi kubwa zimerudi, umeziona? Mkono nao unarudi. Nakwambia sasa kwa sababu umenidai kwa haki. Mwezi wa kumi, kijiji kimoja, vijana ambao sijui walitumwa na nani walivunja mkutano wetu. Jiwe lilivunja kioo cha gari na kioo kikanikata kiganja. Kumba alinifunga kwa kilemba chake. Sikuwaambia kwa sababu kaka yangu angesema rudi, nami ningeona aibu kumkatalia. Huo ulikuwa woga wangu, siyo siri. Nimejifunza kuvitofautisha kwa kukuandikia.

Jumamosi walipiga kura. Siandiki matokeo, redio zimeshasema, na wapo wanaoyalalamikia. Nitakuandikia nilichosikia. Saa mbili asubuhi, mstari mrefu hadi barabarani, kimya, na kutoka ndani ngli, ngli, ngli, hakuna anayejua ya nani. Bibi mmoja alitoka akaniambia kwa Kifula, na Kumba akatafsiri: "Leo nimempa ninayemtaka, na mume wangu ataendelea kudhani nimempa wake."

Sasa kuhusu Baba yako. Miaka mitano iliyopita, rais wa hapa alishindwa. Alimpigia simu aliyemshinda akampongeza, kwenye televisheni, anacheka. Watu walicheza barabarani. Baada ya wiki akasema uchaguzi haukuwa sawa, hatoki. Kumba anasema ile ya pili iliwaumiza kuliko kama angekataa tangu mwanzo. Familia nyingi zilivuka mpaka na magodoro kichwani. Ilibidi nchi jirani zilete majeshi ndipo akapanda ndege.

Kukubali siku ya kwanza kuna makofi. Wiki inayofuata mtu yuko nyumbani peke yake, simu haiiti. Kaka yangu si yule mtu. Ni mtu mwema ambaye simu yake imeacha kuita.

Nikimpigia mimi, nitakuwa jeshi la nchi jirani. Atasema Zubeda ndiye aliyeleta mambo ya makopo. Sitapiga. Wewe ndiye uliyesikia. Kama utasema au hutasema, hilo ni lako, na nitakupenda vile vile.

Shangazi yako,
Zubeda


Turffontein
9 Januari 2022

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole sana kwa mkono. Nililia, halafu nikakasirika, halafu nikamwambia Mama peke yake. Amesema ukirudi atakuosha kwa maneno kwanza, wali baadaye.

Barua yako niliisoma Desemba yote. Nilikuwa najibu kichwani kila siku na sikuandika, kwa sababu nilitaka kwanza nifanye.

Jumapili iliyopita Baba alikuwa uani anaosha brashi zake. Nilikwenda nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Nilikaa mpaka maji yakawa meupe. Akasema, "Sema mama, unanitia wasiwasi."

Nikasema, "Baba, ukiitisha mkutano nitaulizwa."

"Utaulizwa nini?"

"Kwa nini kengele moja ilikuwa na rangi na nyingine haina. Kengele ya kijani ilikuwa safi, Baba. Pembeni ilikuwa na gundi ya tepu, ile unayofunikia swichi za ukutani kabla ya kupaka. Niliiona siku ile ile. Sikusema kwa mtu. Lakini wakiniuliza mbele ya watu, nitasema. Sijui kusema uongo, hujanifundisha."

Hakunitazama. Aliendelea kukamua ile brashi, ilikuwa imeshakauka. Halafu akasema polepole, "Rangi ni rangi tu." Na baadaye kidogo, "Nimewazika watu wangu kwa mikono hii, Shufaa. Hawakunijazia hata trei moja."

Nikasema, "Waliokupa mara ya pili hawakuwa na wa kumwogopa. Zile ni zako kweli, Baba. Za 'Tuendelee' hukuwahi kujua zipi ni za kweli."

"Na yako? Ilikuwemo?"

"Hilo sitakwambia. Si wewe tu. Hata Shangazi hajui, hata Mama."

Aliingia ndani. Nikasikia kabati. Alitoka amevaa shati la Ijumaa, muhuri ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na karatasi zote za chama, akasema anakwenda Doornfontein na kama nataka nimsindikize. Mama Yasmin alikuwa anashona. Baba aliweka mfuko juu ya kitambaa alichokuwa anakishona, akasema, "Huu muhuri ni wako. Na kuhusu mumeo, ilinipasa nikuulize kwanza." Mama Yasmin alizima mashine. Alisema, "Keti Kaka Khatibu, chai ipo." Tulikunywa.

Kama alikusudia ile tepu sikumuuliza, na sitamuuliza. Nakuomba na wewe usimuulize, siku yoyote.

Leo kulikuwa na mkutano wa kwanza wa Mama Yasmin. Mama wa mwanachama mmoja amefariki na familia inataka arudishwe Tanga. Kabla mwenye msiba hajamaliza, Baba alikuwa ameshasimama, anaeleza gari lipi, nani apigiwe, makaratasi gani, kama miaka yote. Watu wakaanza kumwitikia. Mama Yasmin akainua mkono.

"Kaka Khatibu," akasema, "kaa kwanza. Tumsikilize mwenye msiba anataka nini. Zamu yako itafika."

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama Baba. Mzee Adamu aliacha kutafuna. Mimi nilishika ukingo wa kiti. Baba akatazama nyuma yake kama mtu anayetafuta kiti kiko wapi.

Akakaa.

Mwanao anayekupenda,
Shufaa